Safari ya ndege Nakuru ihesabiwe kuanzia mlangoni

Kila mpango wa kuugeuza uwanja wa ndege wa kijeshi wa Lanet, Nakuru, kuwa wa abiria unapotajwa, hoja ya kwanza huwa ile ile: Nairobi itakuwa karibu. Kwa ramani, ni kweli. Kutoka Lanet hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi ni takriban kilomita 140 kwa mstari ulionyooka, na ndege ndogo ya abiria huumaliza mwendo huo kwa nusu saa hivi. Lakini hakuna anayeishi uwanjani. Msafiri wa Njoro atatoka nyumbani, afike Lanet saa nzima kabla ya ndege kuondoka, akaguliwe, asubiri, aruke, ateremke Embakasi, angoje mzigo wake, kisha aingie kwenye msongamano wa Mombasa Road. Jumlisha yote hayo, utapata kama saa tatu. Matatu iliyotoka Nakuru alfajiri hukata kilomita 160 za lami kwa muda huo huo, ikamshusha katikati ya jiji kwa nauli ambayo ndege haiwezi kuikaribia.

Watetezi wa Lanet watajibu kwamba barabara haiaminiki, na hapo wana haki. Anayejua Gilgil na Kinungi wakati wa Krismasi anajua magari yanavyoweza kulala njiani, na ajali za barabara hii zimetutoa machozi ya kutosha. Ila dawa ya barabara mbovu ni barabara. Upanuzi wa barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Ukikamilika, faida ndogo ya ndege kuelekea Nairobi itazidi kupungua. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2023 ilipiga marufuku baadhi ya safari za ndege za ndani pale treni inapofika kwa chini ya saa mbili na nusu.

Hoja ya kusafirisha maua ya Naivasha kupitia Lanet nayo huvutia, lakini ni dhaifu. Mashamba hayo yako katikati ya Nakuru na Nairobi, na maua yake tayari hufika Embakasi kwa malori yenye ubaridi. Isitoshe, Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, hivyo ndege nzito ya mizigo huhitaji njia ndefu sana ya kurukia, la sivyo ipunguze shehena au mafuta. Eldoret, iliyo juu zaidi, ilijengewa njia ya kilomita 3.5.

Mombasa ndiyo inayobadilisha hesabu. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600 kupitia Nairobi, safari ya kutwa au ya usiku kucha. Angani ni kama kilomita 560, mwendo wa saa moja na robo hivi. Hata ukiongeza foleni, ukaguzi na teksi, abiria anaokoa nusu siku, na mtalii aliyetoka kuwatazama vifaru Ziwa Nakuru anaweza kuogelea Diani jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo, kabla ya fedha zaidi za umma kumwagwa Lanet, serikali ituonyeshe ni shirika gani la ndege limekubali kuruka moja kwa moja hadi Pwani, mara ngapi kwa wiki na kwa nauli gani.