Mtoto Aulizapo Habari za Roketi

Mama mmoja wa Umoja, Eastlands, jijini Nairobi, ametuletea swali. Mwanawe wa kidato cha pili ataka kuchanganya kemikali jikoni, atengeneze roketi ya maonyesho ya sayansi. Amkataze, au amwache?

Kijana na ajue kwanza kwamba jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1964 Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walirusha roketi ndogo za utafiti kutoka jukwaa la Santa Rita, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka jukwaa jirani la San Marco, tarehe 12 Disemba 1970, ikarushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Na jua lilipopatwa tarehe 16 Februari 1980, roketi ndogo zilipaa tena hapo.

Zatafuta nini huko juu? Puto la Idara ya Hali ya Hewa lirushwalo Dagoretti hupanda kilomita 30 hivi, kisha hupasuka. Setilaiti nayo haidumu chini ya kilomita 150 hivi, kwani hewa kidogo iliyopo huikokota hata ikaanguka. Tabaka la katikati hufikiwa na roketi tu: hupaa, hupima joto, upepo na chembe za umeme kwa dakika chache, hutuma habari kwa redio, kisha huangukia baharini.

Nyingi hutumia fueli yabisi, nayo ndiyo imtishayo mama, na ana haki. Ndani ya bomba hushindiliwa kitu mfano wa mpira mgumu, kilichochanganywa na kemikali yenye oksijeni yake yenyewe. Hakihitaji hewa ya nje; kukifunika hakukizimi, na kikishawaka huwaka hata kiishe. Jiko la gesi lina kifungio, hili halina. Kule Ngomeni, roketi kubwa zikiwashwa, wataalamu walikaa kwenye jukwaa jingine. Sasa itazameni ghorofa ya Eastlands: ngazi moja nyembamba, madirisha ya vyuma, watoto wa jirani mlangoni.

Basi jibu letu, kemikali zisiingie nyumbani kabisa, wala kijana asivunjwe moyo. Atwae chupa ya plastiki ya soda, aitie maji theluthi moja, aizibe kwa kizibo kilichopenyezwa sindano ya kujazia mpira, kisha apige pampu ya baiskeli. Maji yakisukumwa chini kwa nguvu, chupa hupaa. Kanuni ni ile ile ya Ngomeni. Afanye uwanjani, mwalimu akiwapo, na mtu asiinamie chupa.

Dada yake naye asibaki mtazamaji, awe mpimaji. Ashike kipimapembe chenye uzi na kijiwe, asimame mbali, arudi nyuma kila mrusho hata aione chupa ikifika kileleni kwa pembe ya digrii 45. Hapo umbali wake hadi mahali iliporushwa, ukiongeza kimo cha macho yake, ndio urefu iliopaa.