Mbuga Si Zizi

Picha ile kila mtu anayo: twiga mbele, maghorofa ya Nairobi nyuma. Mimi imenichosha. Aliyeipiga ametazama kaskazini, na mbuga inauawa kusini, mgongoni pake.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya. Ina kilomita za mraba 117 tu. Upande wa jiji umezungushiwa ua. Kusini, kwenye mto Mbagathi, hakuna ua, na si kwa uzembe. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka kwenda kulisha katika nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti. Kiangazi kikija, hurudi mbugani kufuata maji.

Nyanda hizo sasa zinauzwa ploti za hamsini kwa mia.

Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, adui alionekana kwa macho. Wa leo haonekani, kwa kuwa ni wengi na wana adabu. Ni vijana wenye digrii, wanachanga kwenye chama, wananunua ploti moja, wanaweka seng'enge, kisha Jumapili wanalipa kiingilio kumtazama simba.

Wapo wasemao: zungushia mbuga yote ua, mambo yaishe. Yataisha kweli. Nyumbu asiyeweza kuhama hufa kiangazi kirefu kikimkuta, na simba asiyeweza kutoka atazaa na nduguze. Hilo ni zizi, hata likiwa na lango zuri.

Wengine humlaumu Mmaasai kwa kuuza ardhi. Kwa haki gani? Simba akila mbuzi usiku, hasara ni yake. Picha ni yetu. Kuanzia mwaka 2000, Kitengela ulijaribiwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasiweke ua wala kuuza. Wazo lilikuwa sahihi, ila lilitegemea fedha za wafadhili. Jiji linalojisifia simba wake haliwezi kungoja mgeni amlipie jirani yake kodi ya malisho.

Basi tudai malipo hayo yatoke kwenye bajeti yetu, kila mwaka. Na wakala akikupigia kukuuzia ploti kusini mwa mbuga, muulize swali moja kabla ya kuuliza bei: wanyama wanapita wapi?