Osha Meza, Mteja Atarudi

Muuzaji wa samaki Kilwa Kivinje akiacha vibua vyake juani hadi vikajaa nzi, mteja anapita, anakwenda meza ya pili. Hatujamwona muuzaji akikimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa kumshitaki mteja kwa kutonunua. Anateka maji, anaosha meza, anatafuta barafu.

Elon Musk hataki kuosha meza. Alinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, akajitangaza mtetezi wa uhuru wa kusema. Novemba 2023 aliunga mkono andiko la chuki dhidi ya Wayahudi, na kampuni kama IBM, Apple na Disney zikasimamisha matangazo. Akazitolea tusi la nguoni mbele ya hadhara. Agosti 2024 kampuni yake ikafungua kesi Texas dhidi ya shirikisho la watangazaji duniani na baadhi ya kampuni, ikidai zimekula njama ya kuisusia.

Kususa ni kusema. Oktoba 2018 wakulima wa korosho huku kusini mwa Tanzania waliikataa bei ya mnadani, iliyokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Magunia yakabaki ghalani. Nchi nzima ikasikia, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua kwa shilingi 3,300. Musk alilalamika kuwa watangazaji walikubaliana. Hata wakulima walikubaliana. Ushirika ni wa nini kama si kukubaliana?

Uhuru wa kusema haumpi mtu haki ya kulipwa na anayemsikiliza. Na kulazimishana tunakujua. Nandete, wilayani Kilwa, watu waling'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905 kwa sababu walilimishwa kwa nguvu. Vita ya Maji Maji ikaanzia hapo.

Lakini kususa si kufunga duka. Mei 2025 mtandao huo huo wa Musk, sasa ukiitwa X, ulizimwa nchini, na serikali ikataja picha za ngono. Asiyezitaka angeweza kuondoka mwenyewe. Badala yake mlango ukapigwa kufuli kwa wote, pamoja na kijana aliyekuwa akiuza bidhaa zake humo. Musk anamvuta mteja kwa nguvu aingie dukani, serikali inamzuia mlangoni. Wote wawili wamemnyang'anya uamuzi wake.

Dawa inajulikana. Kampuni isiyoridhika itoe fedha zake na iseme sababu waziwazi. Mtumiaji aliyechukizwa aondoke. Anayevunja sheria ashitakiwe yeye, si kila aliyemo mtandaoni. Na mwenye mtandao anayelilia watangazaji aondoe uchafu unaowakimbiza, maana uwezo anao.

Muuzaji wa Kivinje hana hata sehemu ndogo ya mali ya Musk. Ana ndoo na kitambaa, na kabla ya adhuhuri wateja wamesharudi.