Kupiga picha si kosa. Kosa ni kungoja

Kila mwaka, nifikapo kwenye mada ya lugha na taswira, huwaonyesha wanafunzi wangu picha moja ambayo karibu wote wamewahi kuiona. Mtoto aliyekonda kwa njaa amejiinamia vumbini, na nyuma yake ametua tumbusi. Huwataka waieleze kwa sentensi moja tu. Kila mwaka jibu la kwanza haliwi maelezo bali swali: mbona yule mtu hakumsaidia?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka thelathini. Kevin Carter, raia wa Afrika Kusini, aliipiga picha hiyo Machi 1993 huko Ayod, mahali ambapo leo pamo katika Sudan Kusini. Gazeti la New York Times liliichapisha tarehe 26 mwezi huo, na wasomaji wakamiminika kuuliza yaliyompata mtoto. Siku chache baadaye wahariri walilazimika kuchapa taarifa kwamba tumbusi alifukuzwa na mtoto akapata nguvu za kuendelea na safari, ila haikujulikana kama alifika kwenye kituo cha chakula. Aprili 1994 picha ikatunukiwa Tuzo ya Pulitzer. Julai ya mwaka uo huo Carter akajiua. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Walimwengu wameigeuza habari hiyo kuwa ngano yenye funzo jepesi, kwamba aliyekataa kusaidia alisutwa na dhamiri hata akafa. Mimi siikubali ngano hiyo. Carter alikuwa na mizigo mingine: alikuwa na shida ya fedha, na Aprili ya mwaka huo rafiki yake Ken Oosterbroek, mpiga picha pia, alipigwa risasi akafa huko Thokoza. Wala mtoto hakuwa ametupwa nyikani. Ndege ya msaada ilikuwa imetua karibu na hapo, na kwa mujibu wa Joao Silva, mpiga picha aliyesafiri na Carter, wazazi walikuwa wamewaacha watoto kwa muda mfupi ili wakapokee chakula. Ukiitazama picha kwa makini utaona bangili ya plastiki mkononi mwa mtoto, ishara kwamba alikuwa amekwisha kuandikishwa kituoni. Mwaka 2011 gazeti la El Mundo la Hispania liliripoti kwamba alikuwa mvulana, si msichana kama ilivyodhaniwa, na kwamba aliiponea njaa ile, akaja kufariki miaka mingi baadaye kwa homa.

Je, basi Carter hana lawama? La hasha. Mwenyewe alisimulia kwamba alingoja dakika zipatazo ishirini, akitumaini kwamba tumbusi angekunjua mabawa. Hakuyakunjua. Ndipo Carter akapiga picha zake, kisha akamfukuza.

Hapo ndipo nionapo kosa, na ndipo ninapowataka wanafunzi wasimame. Ushahidi wa njaa ya Sudan ulikuwa umekamilika tangu tumbusi alipotua. Kuunasa kungechukua nukta moja. Dakika zilizofuata hazikuwa za ushahidi tena. Zilikuwa za urembo, na gharama yake alikuwa akiilipa mtu mwingine, naye ni mtoto asiyeweza hata kuinua kichwa.

Lugha yetu ina namna mbili za kulisema jambo hili. Twaweza kusema "alimpiga picha mtoto", na twaweza kusema "alipiga picha ya mtoto". Katika sentensi ya kwanza mtoto ni shamirisho. Amewakilishwa ndani ya kitenzi chenyewe kwa kiambishi -m-, sawa na mtu aliyepigwa kofi au aliyepewa maji, ametendwa jambo. Katika ya pili mtoto amesukumwa mkiani mwa nomino, amekuwa sifa ya picha. Sarufi haimhukumu mtu, lakini nadhani katika dakika zile ishirini mtoto wa Ayod alihama kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili.

Isidhaniwe kwamba kila anayeshika kamera mbele ya mauti amekataa kusaidia. Oktoba 1984, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliwapiga picha za filamu watu waliokuwa wakifa kwa njaa huko Korem, kaskazini mwa Ethiopia. BBC ilizitangaza tarehe 23, na dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Michango ikafuata kutoka kila pembe. Lau Amin angeiweka kamera chini siku ile, hakuwa na gunia hata moja la nafaka la kugawa. Kamera ndiyo iliyokuwa msaada wake.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni, likazama baharini na mama na bintiye. Kipande cha video kilichoonyesha gari likielea kisha kuzama kilisambaa nchi nzima, na wengi wakawalaani abiria kwa kuinua simu badala ya kujitosa. Laana hiyo naiona nyepesi. Ni wangapi miongoni mwetu wawezao kuogelea katika mkondo ule wenye kina kirefu? Aliyerekodi alitoa ushahidi. Tuliokosa ni sisi wengine tuliokitazama kipande kile tena na tena na kukipeleka katika kila kikundi cha simu, huku jamaa za marehemu wakingoja ufuoni hadi tarehe 11 Oktoba miili ilipopatikana. Dakika ishirini za Carter tulizivuta zikawa siku kumi na mbili.

Nami sijitoi. Mwaka juzi, usiku, matatu niliyoabiri ilisimama penye ajali katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret. Tulishuka. Nilipojitambua, simu ilikuwa mkononi na kamera imefunguliwa, wala sijui niliifungua lini. Mama mmoja aliyekuwa na vikapu vya mboga alikuwa amepiga magoti, amefungua leso yake, anamfunga kijana mguu uliokuwa ukivuja damu. Akapaza sauti: "Nyinyi wenye simu, nimulikieni basi!" Tukamulika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mkono wangu uliichagua kamera. Jibu nililonalo ni la aibu kwa mtu mwenye shahada ya uzamifu: sikujua kufunga kidonda, ila kupiga picha nilijua. Wala sikukumbuka kwamba simu ile ile ingeweza kuita 999 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Walimu wenzangu, ni wanafunzi wangapi wamalizao kidato cha nne wakijua jinsi ya kumgeuza majeruhi aliyezirai?

Muhula ujao, kabla sijaionyesha picha ya Ayod, nimemwalika muuguzi aje darasani na bendeji zake kwa saa moja. Wenzangu katika idara wameniuliza jambo hilo lina uhusiano gani na isimu.