Afya ya Nyumba: Kidonge cha Chafya na Mwasho

Wakaao nyanda za kati hawana haja ya kuelezwa vumbi ni nini. Mvua ya Dodoma ina msimu mmoja tu kwa mwaka, aghalabu tangu Desemba hata Aprili. Ikisha kwenda zake, ardhi hukauka na upepo huanza kuipeperusha. Basi tangu Mpwapwa na Kongwa hata Bahi na Manyoni, watu huamka kwa chafya: pua huchuruzika, macho huwasha, na ngozi ya mtoto hutoka vipele. Dawa ya kwanza inayokumbukwa ni kile kidonge kidogo cha klorofenamini, ambacho wengi hukiita Piriton. Kidonge hicho ni chema. Lakini kwa kuwa ni rahisi kukipata, watu wamekizoea mno, na dawa iliyozoewa mno hunywewa bila ya hadhari.

Yafaa kwanza tujue kinavyofanya kazi. Mwili wa mwenye mzio hukidhania kitu kisicho na madhara, kama vumbi la ndani ya nyumba au chavua ya maua, kuwa ni adui. Hapo hutoa kitu kiitwacho histamini, nacho ndicho kiletacho mwasho, uvimbe na kamasi. Dawa hizi huizuia histamini isishike mahali pake. Daniel Bovet, mzaliwa wa Uswisi, na mwenzake Anne-Marie Staub, walivumbua ya kwanza katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris mwaka 1937. Na Bovet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Dawa ile ya kwanza ilikuwa na sumu nyingi hata haikufaa kupewa wagonjwa. Zilizofuata ndizo zilizofaa, nazo zina kipimo chake.

Dawa hizi ni za namna mbili. Namna ya zamani, kama klorofenamini na promethazini, huingia katika ubongo na kuleta usingizi. Kipimo cha klorofenamini kwa mtu mzima ni kidonge kimoja cha miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, wala visizidi 6 katika mchana na usiku wake. Namna mpya, kama setirizini na loratadini, haziingii sana katika ubongo; mtu mzima hutosheka na kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku. Hata hivyo setirizini huwapa usingizi baadhi ya watu, na mwenye ugonjwa wa figo au ini amwulize tabibu kabla ya kuzitumia.

Usingizi huo si jambo dogo. Kutoka Dodoma hata Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 450 za barabara, na madereva wa mabasi na malori huipita usiku na mchana. Dereva aliyemeza klorofenamini huweza kujiona yu macho ilhali mkono wake umekwisha kuwa mzito. Na aliyeimeza usiku huenda akaamka nayo bado imo mwilini. Basi mwenye kuendesha gari au pikipiki, au kusimamia mashine ya kusaga, asiile kabla ya kazi. Mke amkumbushe mumewe, na mwana amkumbushe baba yake kwa adabu, kwani abiria walio nyuma yake ni amana.

Wako wazazi wanaompa mtoto kidonge hiki ili alale safarini, au asilie usiku. Jambo hili halifai kabisa. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe klorofenamini, na aliye chini ya miaka sita asipewe ila kwa agizo la tabibu. Mwenye miaka 6 hadi 12 kipimo chake ni nusu ya kidonge cha mtu mzima. Promethazini haipewi mtoto chini ya miaka miwili, maana huweza kumzuilia pumzi. Tena mtoto aliyezidishiwa dawa si lazima alale. Pengine huhangaika na kushikwa na degedege. Vidonge vikae juu, mahali asipofika.

Wazee nao wana hadhari yao. Dawa za zamani huwakausha kinywa, huwachanganya akili, huwaangusha wanapoamka usiku, na huweza kuwazuilia mkojo, khasa babu mwenye tezi dume. Mwenye presha ya macho pia aulize kwanza. Mama anyonyeshaye asichukue dawa hizi bila ya shauri, kwa kuwa usingizi wake huweza kumfikia mtoto kwa maziwa.

Jambo jingine linalowaponyoka wengi ni kuchanganya. Dawa nyingi za mafua na za kikohozi zimekwisha tiwa klorofenamini ndani yake. Mtu hunywa dawa ya maji ya kikohozi, kisha humeza vidonge viwili vya mafua, kisha huongeza Piriton, naye hajui kwamba amekula dawa moja mara tatu. Soma karatasi ya dawa, au umwombe mwuzaji akusomee. Usichanganye pia na dawa za usingizi.

Katika mwezi wa Ramadhani, asiwepo mtu wa kukusanya vidonge vya mchana akavimeza pamoja wakati wa kufuturu. Na amwulize tabibu kama yamfaa ile dawa ya kidonge kimoja kwa siku, ale wakati wa futari au daku. Na ambaye maradhi yamemzidi, sheria imempa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Mwisho, tujue kidonge hiki kisichoweza. Hakitibu pumu: kifua kikibana, dawa yake ni nyingine. Wala hakimwokoi mtu ambaye mzio umemshika mwili mzima. Mrina asali wa Manyoni aliyeumwa na nyuki, mtoto aliyekula karanga, au mgonjwa aliyechomwa sindano ya penisilini, akivimba midomo na ulimi, akikoroma, au akizimia, usikae kungoja kidonge kifanye kazi. Mlaze, umwinue miguu. Na ikiwa pumzi ndiyo inayomtaabisha, mwache aketi. Mpeleke mbio katika kituo cha afya kilicho karibu, achomwe sindano ya adrenalini katika paja. Dakika chache ndizo zitenganishazo uhai na mauti.

Na kabla ya dawa iko kinga. Mwagia sakafu maji kidogo kabla ya kufagia. Fua mashuka kwa maji ya moto na kuyaanika juani. Funika pua upepo uvumapo. Chafya zikiendelea wiki kadhaa, nenda kwa tabibu, wala usiongeze vidonge. Dawa nunua katika duka lenye kibali, uitazame tarehe ya mwisho wake, na uulize mambo matatu: ni dawa gani, kiasi gani, na ni nani asiyepasa kuila. Kuuliza si aibu. Mwenye kuuliza huilinda nyumba yake.