RAMANI YA MJI NA MWENYE GENGE



Hakuna kazi nyepesi afisini kuliko kupiga chapa tangazo. Karani huandika maneno aliyopewa, hutia muhuri, na kwake yeye jambo limekwisha. Mimi mwenyewe niliandika asubuhi moja tangazo la kuwaondoa wauzaji wote waliokaa kando ya barabara iliyo mbele ya afisi yetu, kwa kuwa mahali pale hapakupangwa kwa biashara. Siku ya nane, saa sita mchana, nilitoka kwenda kula kwa mama aliyekuwa akitupikia wali na maharagwe chini ya mwembe. Sikumkuta. Nilikuta mafiga matatu na majivu. Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa mkono uliopokea sahani yake kila siku ndio uliotia muhuri wa kumfukuza.

Tangu siku ile nimejiuliza, mkosa ni nani? Jibu langu ni hili: kosa la kwanza si la mwenye genge, ni la ramani isiyompa mahali.

Wasomaji watazame asili ya jambo lenyewe katika mji wa Dar es Salaam. Wadachi walitunga kanuni za ujenzi mwaka 1891, wakatunga nyingine mwaka 1914, wakaugawa mji kwa aina za majengo. Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 waliuendeleza mgawo huo. Sehemu ya Kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu; ya Pili, ya maduka na makazi, wengi wao Wahindi; ya Tatu, ya nyumba za Kiswahili, Kariakoo na Ilala. Kati ya Sehemu ya Pili na ya Tatu uliachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja. Kanuni zilitaja aina ya jengo, wala si rangi ya mtu. Walakini kila mtu alijua mahali pake, maana asiye na fedha za kujenga kwa mawe hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na ramani kuu mpya za mji zilitungwa mwaka 1968 na mwaka 1979. Mgawo wa rangi ulikwisha, lakini fikira moja ilibaki: ya kwamba kila kipande cha ardhi kina kazi moja tu. Hapa watu walale, hapa wauze, hapa watengeneze. Je, ndivyo tuishivyo? Cherehani i barazani, tanuri la mikate li uani, na genge la nyanya na vitunguu li pembeni mwa njia ipitwayo na watu. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka kibali kabla ya kubadili matumizi ya ardhi. Kwa mwenye hoteli, kibali ni gharama ndogo kati ya nyingi. Kwa mwenye cherehani moja, ada, nauli na siku anazopoteza mlangoni mwa afisi zaweza kuumaliza mtaji wake wote.

Na sheria zimekuwa zikigeuka kama upepo. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wengi waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini wakapelekwa mashambani. Mwaka 2018 Serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Shilingi 20,000, na wauzaji wakafurahi kwa kuwa wametambuliwa. Mwaka 2021 wakaondolewa kando ya barabara, hata wenye vitambulisho. Mbona hivyo? Kwa sababu kitambulisho kilimpa mtu ruhusa ya kuuza, walakini hakikumpa mahali pa kuuzia. Ni kama kumpa mvuvi leseni na kumkataza bahari.

Watu husema, "Wamejengewa masoko, waende huko." Jengo kubwa la wamachinga lipo Ilala, na kwa miaka mingi meza nyingi ndani yake zilikaa tupu. Si kwa ukaidi. Biashara ndogo haina ghala, haina tangazo, haina mteja wa kuagiza kwa barua. Mtu hununua fungu la mchicha alfajiri, na lisipouzwa jioni ni hasara. Mteja wake ni mpita njia ashukaye katika basi akielekea nyumbani. Mwondoe muuzaji njiani umpeleke ghorofani, nawe umemwondoa mteja wake pia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisemi kwamba barabara zizibwe. Wenye maduka wana haki kulalamika ya kuwa wao hulipa kodi ya pango na leseni, na mlango wao umezibwa na meza ya mwingine. Mzee na mtoto wana haki ya kupita kando ya njia bila kusukumwa kati ya magari. Gari la zimamoto lazima lipite. Lakini haya yote ni hoja za kupanga, wala si hoja za kufukuza. Anayefukuzwa leo hurudi kesho, kwa kuwa njaa haisomi tangazo.

Basi natoa rai nne. Kwanza, kila ramani ya mtaa mpya itenge nafasi za magenge karibu na kituo cha basi, kabla viwanja havijagawiwa. Pili, kazi ndogo zisizo na moshi wala kelele ziruhusiwe barazani katika mitaa ya makazi bila kibali kingine. Tatu, muuzaji anayelipa ushuru apewe hati itajayo mahali pake na muda wake, ili asiondolewe kabla ya kuonyeshwa mahali pengine penye wateja. Nne, wauzaji waulizwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Na sisi makarani tusiseme, "Tumetumwa tu." Mishahara yetu twaijua. Wangapi kati yetu wana wake wauzao maandazi, au walisomeshwa kwa genge la mama? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini shibe yetu yatoka katika chungu cha mwenye genge. Faili likija mezani, tuna haki, tena ni wajibu wetu, kuandika pembeni swali moja kwa adabu: "Watu hawa waenda wapi?" Na likirudi bila jibu, tuliandike tena.

Ni mimi mwenzenu,
KARANI