Gesi Zikaazo Pekee, na Maji ya Uvira

Katika hewa tuvutayo zimo gesi ambazo kwa desturi haziungani na kitu: heli, neoni, argoni, kriptoni na zenoni. Neoni, kriptoni na zenoni ziligunduliwa mjini London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Kila atomi yake hukaa pekee.

Lakini zikitiwa katika mrija wa kioo na kupitishiwa umeme, mambo hugeuka. Baadhi ya atomi hung'olewa elektroni, zikawa ioni. Na ioni moja huweza kushika atomi jirani, zikawa ioni ya molekuli. Atomi nyingine hazing'olewi kitu, bali hujazwa nguvu tu; nazo hushika jirani, zikawa molekuli zilizochangamka. Muungano huo haudumu. Katika muda mfupi mno huvunjika, na nguvu yake hutoka kuwa mwanga.

Je, jambo hili lawahusu nini watu wa Uvira? Lawahusu sana. Kriptoni ikichanganywa na klorini kidogo, molekuli zake zilizochangamka hutoa mwanga usioonekana kwa macho, ambao wimbi lake lina urefu wa nanometa 222. Mwanga huo huua vijidudu vya maradhi vilivyomo majini. Nasi twajua jinsi kipindupindu kinavyorudi mara kwa mara katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Maji ya bomba ya Uvira hutoka Mto Mulongwe. Bomba likikauka, wengi huteremka kuchota ziwani.

Hata hivyo, yafaa tuonyane. Mwanga haupenyi vema maji ya tope: vijidudu hujificha nyuma ya tope kama mwizi nyuma ya ukuta. Tena, taa ikizimwa haiachi kinga yo yote ndani ya maji. Mkono mchafu ukiingia ndooni, maradhi yarudi. Klorini iliyotiwa kwa kipimo hubaki ikilinda.

Basi, mwenye taa za namna hii ayachuje maji kwanza, wala asiitazame taa ikiwaka, kwa kuwa taa nyingi za kuulia vijidudu hudhuru macho. Asiye nayo asikate tamaa: achemshe maji au atie klorini, ayafunike, na anawe mikono kwa sabuni. Elimu ya gesi hizi ni njema, lakini haitengui kazi ya sufuria na kifuniko.